Marafiki, Michezo na Kujitegemea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu Wazima Wenye Ulemavu na Familia Zao, Mwanza

Tunaendesha programu ya michezo na burudani kwa watu wazima wenye ulemavu hapa Mwanza, na maswali haya tunaulizwa uwanjani, kwa simu na hata njiani. Zamani waliouliza walikuwa karibu wote kina mama, kaka na dada wa wahusika. Siku hizi wahusika wenyewe wanauliza, na hilo linatufurahisha sana. Ndiyo maana majibu mengine yanamlenga mlezi, na mengine yanamlenga mwenye ulemavu mwenyewe.

## Mambo ya kuanzia

Hii programu ni nini hasa? Ni shule, ni tiba, au ni msaada?

Si chochote kati ya hivyo. Ni mahali ambapo watu wazima, kuanzia miaka 18, wanakutana kwa ratiba inayojulikana ili wacheze, waimbe, watembee, wapike na wabishane kuhusu mpira. Hatugawi viti mwendo wala unga. Tunalisema mapema kwa sababu familia nyingi huja zikidhani zinaandikishwa kwenye orodha ya misaada. Anayehitaji vifaa au matibabu aanze kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake, au kwenye chama kinachomhusu: CHAVITA kwa viziwi, TLB kwa wasioona, TAS kwa wenye ualbino. Vyama hivyo vinaunganishwa na shirikisho la SHIVYAWATA.

Lakini burudani si jambo dogo. Mtu anaweza kuwa ameshiba, amevaa vizuri, dawa zake zipo, na bado hana hata mmoja wa kumpigia simu jioni ambaye si ndugu yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una ibara nzima, ya 30, kuhusu utamaduni, burudani, mapumziko na michezo. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Kwa hiyo unapomleta ndugu yako uwanjani humwombi mtu hisani.

Mnapokea ulemavu wa aina gani?

Aina zote: wa viungo, wa akili, uoni hafifu na upofu, uziwi, ualbino, usonji, mtindio wa ubongo, na wanaoishi na changamoto za afya ya akili. Wasio na ulemavu wanakaribishwa pia, kwa sharti kwamba wanakuja kucheza. Anayekuja kusimama pembeni na kuangalia hatumhitaji.

Mwanangu ana miaka 34 lakini akili yake ni ya mtoto. Atafaa?

Atafaa, ila kwetu ataitwa mtu wa miaka 34. Ameishi miaka hiyo yote, ameona misiba na harusi, ana anachokipenda na anachokichukia. Kujifunza kwake kwenda taratibu hakumfanyi awe mtoto.

Jambo la kwanza linalobadilika akifika ni salamu. Mtaani watoto humpita bila kumwamkia, na watu wazima humgusa kichwa. Hapa kijana wa miaka 20 anayejitolea atamwambia "shikamoo, kaka" na kusubiri aitikie. Tumeona watu walioinamisha shingo kwa miaka wakiinua uso kwa ajili ya salamu tu. Mzazi, tunaomba jambo hili uende nalo na nyumbani, uwafundishe wadogo zake na watoto wa jirani.

Mahali pa kukutania panachaguliwaje?

Mwanza ni mji wa mawe na miinuko, ardhi tambarare ni adimu. Tunapendelea viwanja vilivyo karibu na lami, kama vile vya Furahisha, au kumbi za shule, makanisa na misikiti zisizo na ngazi. Kabla ya kitu kingine chochote tunaangalia choo. Kama mlango wa choo ni mwembamba kuliko kiti mwendo, anayekitumia hatakunywa maji tangu asubuhi, na hatakuambia sababu. Atasema hana kiu, na wiki inayofuata hatakuja.

## Marafiki

Hana rafiki hata mmoja. Mtamtafutia?

Hapana. Rafiki hagawiwi kama namba ya jezi. Tumewahi kusikia mipango ya kumpangia kila mwenye ulemavu "rafiki" anayejitolea, mwanafunzi wa chuo mara nyingi. Mwanafunzi anamaliza masomo, anaondoka Mwanza, na mwenzake anabaki akiuliza kila Jumamosi kama leo atakuja. Maumivu yale ni makubwa kuliko upweke wa mwanzo.

Tunachoweza kufanya ni kuandaa mazingira. Siku iwe ileile, saa ileile, watu walewale, kwa muda mrefu. Kisha wapewe kazi inayohitaji watu wawili: kufunga wavu, kubeba ndoo ya maji, kukuna nazi huku mwingine anachuja. Watu wazima hawapati urafiki kwa kukalishwa wakitazamana na kuambiwa wajitambulishe. Wanaupata wakiwa bega kwa bega, mikono ikiwa na shughuli. Meza ya drafti inafanya kazi hii vizuri kuliko semina yoyote. Wanaocheza wanaweza kunyamaza nusu saa bila mtu kuona aibu, halafu mmoja analalamikia kete yake iliyoliwa na mazungumzo yameanza.

Inachukua miezi. Katika wiki za kwanza wengi hukaa karibu na aliyewaleta na hawasemi neno. Tafadhali usimtoe kwa sababu hiyo. Dalili ya kutafuta ni ndogo: akifika anaangaza macho kumtafuta mtu fulani, au nyumbani anataja jina ambalo hulijui. Baadaye watabadilishana namba za simu, kisha watakutana siku ambayo sisi hatupo. Siku hiyo programu imefanya kazi yake.

Marafiki zake wote wana ulemavu. Si bora achanganyike na wengine?

Vyote viwili vina nafasi. Mwenye fimbo nyeupe anapokaa na mwenzake mwenye fimbo nyeupe kuna mambo hayahitaji kuelezwa, na pumziko hilo lina thamani. Usimnyang'anye kwa kudhani ni urafiki wa daraja la pili.

Kuchanganyika nako kunawezekana, hasa kwenye timu. Special Olympics, harakati iliyoanza Chicago mwaka 1968 kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili na ambayo iko Tanzania pia, ina mfumo wa timu mchanganyiko: wenye ulemavu wa akili na wasio nao wanavaa jezi moja, wanafanya mazoezi pamoja na wanafungwa pamoja. Kufungwa pamoja kunaleta ukaribu haraka.

Haongei. Watu watamwelewaje?

Kutoongea si kukosa la kusema. Wengine wanatumia picha zilizobandikwa kwenye kadi, wengine simu, wengine macho na mikono. Sheria zetu ni mbili: swali aulizwe yeye, asiulizwe mama yake aliyesimama nyuma, na baada ya kuuliza, subiri. Hesabu kumi hadi ishirini polepole kabla ya kurudia swali. Watu wengi hawasubiri, na ndiyo maana wanadhani hana jibu.

Kwa viziwi, suala ni lugha. Wanachama wote wanajifunza Lugha ya Alama ya Tanzania, walau salamu, hesabu, vyakula na matani. Kwenye mikutano ya maamuzi tunakuwa na mkalimani, lakini urafiki hauwezi kupita kwa mkalimani siku zote.

## Kujitegemea

Kucheza kunamfundishaje mtu kujitegemea?

Mchezo wenyewe unafundisha kidogo. Kinachofundisha zaidi ni yale yanayouzunguka: kuamka kwa wakati, kuchagua nguo, kujua amebeba shilingi ngapi, kununua soda na kusubiri chenji, kukataa anapotaniwa vibaya. Kila wiki tunapiga kura kuhusu shughuli ya wiki ijayo. Wapo ambao mara ya kwanza wanapoulizwa "wewe unataka nini?" wanamgeukia aliyewaleta, kwa kuwa hawajawahi kuulizwa. Tunawapa muda hadi wajibu wenyewe.

Jambo moja tunalisisitiza kila mara: namba ya siri ya pesa za simu. Wanachama wengi, hasa wasioona, wamezoea kumtajia wakala au jirani. Tunajifunza pamoja kutumia sauti ya simu inayosoma kioo, kwa spika za masikioni, ili mtu aingize namba yake mwenyewe. Mwenye uwezo wa kutuma na kupokea pesa bila mtu wa kati ana uhuru mkubwa kuliko anayeshinda medali.

Tunakaa juu mlimani. Atafikaje?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote Mwanza, na tunalijibu kwa urefu. Nyumba nyingi za Igogo, Mabatini na Bugarika zimejengwa katikati ya mawe makubwa. Kutoka mlangoni hadi lami kuna ngazi za mawe, mitaro na vichochoro ambavyo mvua ya masika huvifanya utelezi. Kiti mwendo hakipiti. Tunajua watu ambao kikwazo chao hakikuwa ulemavu wala fedha. Ni zile hatua za kushuka.

Njia inayofanya kazi ni kugawa safari vipande vitatu. Cha kwanza ni kushuka: vijana wawili wa jirani wanaojulikana, wanaolipwa kidogo kwa mwezi, na ambao mhusika mwenyewe amewakubali. Tunasema kulipwa kwa makusudi. Anayebebwa bure kila wiki hujiona ana deni na mwisho huamua kubaki nyumbani. Kiti mwendo, ikiwezekana, kiachwe chini kwenye duka au nyumba iliyo karibu na barabara.

Cha pili ni daladala. Makondakta wengine hukataa kiti mwendo au hukitoza kama mzigo. Usipande katikati ya njia ambapo gari liko mbioni. Anzia kituoni, kama Nyegezi, Buzuruga au Igoma, ambako daladala inasubiri abiria na konda ana muda wa kukikunja. Panda baada ya saa tatu asubuhi, msongamano wa wafanyakazi ukiwa umepungua. Panda njia ileile hadi madereva wakujue kwa jina. Pasipo na daladala, wanachama watatu wa mtaa mmoja wanaweza kukubaliana na dereva mmoja wa bajaji kwa bei ya mwezi.

Cha tatu, kumwacha aende mwenyewe, kimeelezwa kwenye swali linalofuata.

Nikimwacha aende peke yake, akipotea je?

Hofu hiyo ni ya haki na hatuicheki. Hatumshauri mtu amwachie ndugu yake ghafla. Wiki za kwanza mnakaa kiti kimoja na yeye ndiye analipa nauli na kusema "shusha". Kisha unakaa kiti cha nyuma, humsemeshi. Kisha unapanda gari jingine na mnakutana mwisho wa safari. Kisha unabaki kituoni, mwanachama mwenzake anampokea upande wa pili na kukupigia.

Abebe karatasi yenye namba mbili za simu, simu iwe na chaji, na afundishwe nini cha kufanya gari likibadilisha njia: kubaki ndani hadi kituo kikubwa na kumwomba konda apige simu. Wengine watafika hatua ya mwisho, wengine wataishia ya pili. Aliyeishia ya pili naye amesonga mbele.

Inagharimu kiasi gani? Na ule mkopo wa halmashauri?

Kila mwanachama anachangia anachoweza, hata kama ni kuleta chumvi. Hatusamehi mchango kwa sababu ya ulemavu, kwa kuwa anayechangia ana sauti kwenye matumizi.

Mkopo ni jambo jingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha za biashara, haziwezi kulipia jezi wala nauli ya mazoezi. Lakini waliozoeana uwanjani wanajua tayari nani anashika ahadi, na hiyo ni nusu ya kazi ya kuunda kikundi cha biashara. Kwa utaratibu muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata yako.

## Michezo na shughuli nyingine

Asiyeona au anayetumia kiti mwendo atacheza nini?

Vingi. Golboli ni ya wasioona: wachezaji watatu kila upande, wote wamefunikwa macho ili walio na uoni kidogo wasizidi wenzao, mpira una kengele ndani, na mistari imewekewa kamba chini ya utepe ili iguswe kwa vidole. Watazamaji wanapaswa kunyamaza, na ukimya ule wa Wanamwanza wanaojua kushangilia ni jambo la kulishuhudia.

Voliboli ya kukaa inahitaji wavu wa chini, mita 1.15 kwa wanaume na 1.05 kwa wanawake, na mchanga wa pwani ya ziwa unafaa kwa mazoezi. Waliokatwa mguu wanacheza soka kwa magongo, na golikipa ni aliyekatwa mkono. Anayedhani ni mchezo wa kuhurumiana akumbuke Tembo Warriors, timu yetu ya taifa, iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022.

Drafti ya vizibo vya soda nayo ni ya wote: upande mmoja unalaza vizibo, mwingine unavigeuza, asiyeona anatofautisha kwa kidole. Ubao uchongwe mistari tu.

Hapendi michezo kabisa. Afanye nini?

Asilazimishwe. Usukumani kuna wigashe, ngoma inayochezwa watu wakiwa wamekaa, mwendo wote ukiwa wa mikono, mabega na kichwa. Mwenye kiti mwendo hahitaji kubadilishiwa chochote, anaingia kwenye mstari kama wengine. Kila mwaka, kwa kawaida Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, wenye nafasi huenda Bujora, Kisesa, kwenye Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, kuona Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ngoma, wakishindana. Wengine hukaa juu ya mawe na ndoano wakisubiri sato. Wengine wanapika, na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, haiishi mazungumzo.

Mnaogelea ziwani?

Hapana. Ziwa Victoria lina kichocho. Vimelea hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani na hupenya ngozi, na sehemu nyingine kuna mamba. Anayetaka kuogelea tunakwenda kwenye bwawa. Mwanachama aliyezoea maji ya ziwa tangu utotoni tunamshauri apime na kupata dawa hospitali.

Kwa safari za boti, kwa mfano kwenda Saanane, kisiwa kilicho hifadhi ya taifa tangu 2013, kila mtu anavaa jaketi la kuokoa maisha kabla boti haijaondoka, hata anayejua kuogelea. Njia za kisiwani zina mawe, kwa hiyo wenye viti mwendo tunawaambia ukweli huo mapema waamue wenyewe.

Kwa mwenye ualbino jua si hatari?

Ni hatari, saratani ya ngozi ni kitu halisi. Shughuli za nje zianze baada ya saa kumi jioni, au ziwe chini ya paa. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kujikinga na jua havijadiliwi.

Kuna hofu nyingine ambayo Kanda ya Ziwa inaijua: mauaji na mashambulizi ya miaka iliyopita. Hatujifanyi hayakutokea. Wenye ualbino hawaondoki peke yao giza likiingia, hatuweki picha zao mtandaoni bila idhini, na ratiba zao za safari hazitangazwi.

## Mambo magumu

Ana kifafa. Akianguka uwanjani?

Mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimwekee kitu mdomoni wala usimshikilie. Ikipita dakika 5 au akianguka tena kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali. Mapovu hayaambukizi. Tunarudia hili kwa kila mgeni, kwa sababu tumeona watu wakikimbia na kumwacha mtu chini. Akizinduka anaruhusiwa kuendelea na siku yake, ila hakai peke yake karibu na maji wala moto.

Dada yangu amempenda mtu huko. Mlikuwa mnasimamia nini?

Dada yako ni mtu mzima na kupenda ni kwake pia. Tunazungumza waziwazi kuhusu ridhaa: kusema ndiyo, kusema hapana, kubadili mawazo, faragha, uzazi wa mpango. Aliyefichwa mambo haya ndiye rahisi kudanganywa. Familia inaweza kushauri kama inavyomshauri dada mwingine yeyote.

Pakiwa na kulazimishwa, kunyanyaswa au kulaghaiwa pesa, aliyefanya awe mwanachama, ndugu au anayejitolea, hatumalizi kwa kikao cha wazee. Tunakwenda naye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa afisa ustawi wa jamii.

Ameacha kuja na hataki kusema kwa nini.

Angalia kwanza choo na nauli. Kisha muulize rafiki yake, si sisi. Na kama amechoka tu, ana haki ya kuchoka. Nafasi yake ipo.

Nilipata ajali ya bodaboda mwaka jana, sasa natumia magongo. Sijioni kama ni mmoja wao.

Huna haja ya kujiona hivyo ili uje. Wengi waliopata ulemavu ukubwani husema hivyohivyo, na marafiki zao wa zamani wamepungua kimyakimya. Njoo utazame mara moja, ukae nyuma. Mara nyingi maswali yako ya kweli, kuhusu kuoga, kazi au mke, yatajibiwa na mtu aliyepita njia hiyo kabla yako.

Niko Ukerewe, huku hakuna kikundi. Naanzaje?

Anza na watu wanne au watano, siku moja ya wiki, sehemu moja yenye kivuli na choo. Usisubiri jezi wala mfadhili. Mwenyekiti wa kijiji ajue, maana ndiye anayejua nyumba ambazo kuna mtu asiyeonekana nje. Mwende wawili kwenye nyumba hizo, mmoja akiwa na ulemavu, mkazungumze na mhusika mwenyewe, na msiondoke na jibu la mzazi pekee.

Mkikaa pamoja miezi kadhaa bila kusambaratika, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mkasajili kikundi, mpeleke majina ya wanachama, katiba fupi na muhtasari wa kikao. Afisa utamaduni na michezo wa halmashauri naye mtembeleeni, mkiwa na ombi moja mahususi, kama mpira wenye kengele au saa mbili za uwanja kila wiki. Kuhusu viziwi kikundini tazama swali la asiyeongea, na kuhusu boti tazama swali la kuogelea.